Kuandikwa si Kuonwa

Kambini kila mtu ni wa orodha fulani. Kuna orodha ya chakula, ya kuni, ya shule, ya hospitali, na ya wale wanaongoja kuitwa kwa usaili wa kwenda nchi ya tatu. Mtoto akizaliwa, kabla hata hajafikisha siku arobaini majirani wanaanza kuuliza: "Mmeshamwandikisha?" Sisi tunaosoma jarida hili tunazijua orodha kutoka pande zote. Wengine tunaandikwa, wengine tunaandika, na wengine, kama wale ndugu zetu wanaolipwa pesa kidogo ya insentivu kushika kalamu za mashirika, wanafanya yote mawili kwa siku moja. Kwa hiyo swali langu halimlengi mtu mmoja. Ni hili: orodha ikisema jambo moja na mtu aliyesimama mbele yako akisema lingine, shaka uiweke wapi kwanza, kwa karatasi au kwa mtu?

Swali hili nimelielewa vizuri zaidi kwa njia ya darubini, na nitaeleza kwa nini.

Hapa Kakuma tuna kikundi chetu kidogo cha kutazama nyota. Darubini tuliachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea alipomaliza mkataba wake. Si kubwa. Ni bomba lenye kioo cha upana wa milimita 114 ndani yake, limekaa juu ya miguu mitatu, na mguu mmoja tumeukaza kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Turkana ina magumu mengi, vumbi, jua, maji ya kupangia foleni, lakini kwa anga ni tajiri. Mvua ni chache na mawingu ni machache. Ukikaa upande ambao taa za ulinzi na jenereta za maduka hazifiki, unauona ule mkanda mweupe wa nyota unaokata anga kutoka upeo hadi upeo. Kabla ya kuangalia juu tunaangalia kwanza chini, maana nge wa Kakuma hawana habari na elimu ya nyota. Halafu tochi tunaifunika kwa karatasi nyekundu ya mfuko, kwa sababu mwanga mweupe unaua macho ya usiku.

Darubini yetu haina kompyuta. Kitu unakitafuta kwa kuruka kutoka nyota unayoijua hadi nyota usiyoijua, kama unavyomwelekeza mgeni huku kwetu: fika kwa duka la Msomali, pinda kwa ule mti mkubwa, uliza nyumba ya mama wa mandazi. Na ili ujue kuna nini cha kutafuta, unahitaji orodha. Orodha inayopendwa kuliko zote na watu wenye darubini ndogo ni ya Mfaransa mmoja, Charles Messier.

Messier alizaliwa mwaka 1730, mtoto wa kumi kati ya kumi na wawili. Alifanya kazi Paris, na kitu alichokipenda kuliko vyote ni nyota zenye mkia. Agosti 1758, akiwa anafuatilia nyota moja ya namna hiyo, aliona kiwingu hafifu karibu na pembe ya kundinyota la Fahali. Kilifanana kabisa na nyota ya mkia ikiwa bado mbali. Lakini nyota ya mkia husogea usiku hata usiku, na hiki hakikusogea. Kumbe si chenyewe. Ili yeye na wenzake wasidanganyike tena, akaanza kuandika orodha ya vitu vya namna hiyo, vitu vya kupita bila kusimama. Orodha ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1774, ilikuwa na vitu 45. Kufikia 1781 vilikuwa 103.

Tuseme wazi: ile orodha maarufu ilikuwa ni orodha ya usumbufu. Messier mwenyewe aligundua nyota 13 zenye mkia, na leo si wengi wanaozikumbuka. Vile alivyoviandika ili vipuuzwe ndivyo watu duniani kote wanavyovitafuta usiku, sisi wa Kakuma tukiwemo. Kile kiwingu cha kwanza, M1, ni mabaki ya nyota iliyolipuka. Mlipuko wake ulionekana duniani mwaka 1054, na Wachina walioandika habari zake waliiita nyota mgeni. Kwa siku 23 ilionekana hata mchana. Na namba ya mwisho katika orodha ile ya kwanza, namba 45, ni Kilimia. Ndiyo, Kilimia kile kile ambacho kwa Kiswahili kilipata jina kutokana na kulima, kwa sababu wakulima walikitazama ili kujua majira. Kwa mkulima kilikuwa na jina na kazi. Kwa Messier kilikuwa namba 45, kitu ambacho si nyota ya mkia.

Simlaumu Messier. Aliandika alichohitaji kuandika kwa kazi aliyokuwa nayo. Orodha yoyote hutengenezwa na mtu anayetafuta kitu fulani, na wengine wote wanaingia humo kwa kipimo cha kile anachotafuta. Orodha ya lishe inakujua kwa kilo zako. Orodha ya shule inakujua kwa darasa. Hakuna uongo hapo. Uongo unaanza pale mtu anaposoma namba 45 na kudhani amekiona Kilimia.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike makala haya.

Usiku wa tarehe 19 Februari 1771 Messier aliandika makundi kadhaa ya nyota. Mawili yalikuwa jirani, namba 46 na namba 47. La 46 ni hafifu, nyota nyingi ndogo kama unga uliomwagika. La 47 lina nyota kubwa zaidi, zimetawanyika, na mahali penye giza kama hapa kwetu unaliona hata bila darubini. Namba 46 aliiandika mahali pake. Namba 47 aliipima kutoka kwa nyota nyingine iliyo karibu, na kwenye hesabu alama za kujumlisha na kutoa zikageuka. Kundi likaandikwa upande wa pili wa ile nyota, mahali ambapo hakuna kundi lolote.

Waliokuja baadaye walielekeza darubini mahali palipoandikwa, hawakuona kitu. Namba 47 ikahesabiwa kuwa imepotea. Mwaka 1785 William Herschel, akiwa Uingereza, aliliona kundi lenyewe angani, akaliandika kwa namba yake kama kitu kipya. Mwaka 1888 ilipotolewa orodha kubwa mpya ya vitu vya angani, kundi likapewa namba 2422, na pale mahali patupu palipoandikwa na Messier pakapewa namba 2478. Yaani kitu kimoja, namba mbili, na moja ni ya hewa. Kwetu hiyo inaitwa kujiandikisha mara mbili, na mtu anaweza kufungiwa kadi.

Mwaka 1934 Oswald Thomas alitambua kwamba lile kundi ndilo namba 47 ya Messier. Mwaka 1959 Mkanada T. F. Morris akaeleza kosa lilivyotokea: alama tu, kujumlisha na kutoa. Karibu miaka mia mbili ilikuwa imepita. Na miaka yote hiyo kundi lilikuwa pale pale, kila Februari likipita juu ya vichwa vya watu. Kilichopotea kilikuwa mstari katika karatasi.

Angalieni namna lilivyopatikana, maana hapo ndipo penye somo. Wale walioliona halipo walikuwa wameamini namba na kumtilia shaka aliyeona. Waliolipata walifanya kinyume. Walijiuliza: Messier alikuwa mtu makini, je, kama kitu kipo na namba ndiyo mbaya? Halafu wakarudi kwenye karatasi ile ile, wakasoma maneno badala ya tarakimu. Na katika maneno Messier alikuwa amesema kwamba kundi hili haliko mbali na lile lililotangulia, na nyota zake ni kubwa zaidi. Jirani alitoa ushahidi. Namba 46, iliyoandikwa sawasawa, ndiyo iliyosema: mwenzangu yuko hapa kando yangu.

Kakuma hatuhitaji darubini kuelewa jambo hili. Mimi mwenyewe, kwa karatasi, nilizaliwa tarehe 1 Januari. Kambi imejaa watu waliozaliwa tarehe 1 Januari. Kama ingekuwa kweli, wakunga wetu wangekufa kwa uchovu siku hiyo. Hilo ni dogo, tunalicheka. Lakini siku moja kwenye foleni ya mgao nilisimama nyuma ya mama mmoja, Mkongo kama mimi. Kijana wa dirishani aliangalia skrini, akasema:

"Mama, jina yako haiko."

Mama akamjibu polepole: "Jina haiko, lakini miye si niko hapa?"

Watu kwenye foleni walicheka. Kijana hakucheka. Nyuma yetu kulikuwa na watu mia kadhaa na jua lilikuwa limeshapanda. Akamwambia arudi Jumatatu. Jumatatu ikawa Jumatatu nyingine. Kwa wiki tatu yule mama na watoto wake walikula kwa majirani, na majirani wenyewe mgao wao ulikuwa unaishia nusu ya mwezi. Mwishowe dada mmoja wa ofisini, badala ya kuandika jina kwa mara ya tano kwenye mashine, aliuliza swali lingine: "Mama, siku mlipofika, mliandikwa pamoja na nani?" Mama akataja familia waliyovuka nayo mpaka. Dada akaifungua familia hiyo, akashuka mistari miwili, na mama alikuwa hapo. Herufi R pahali pa L. Sisi tunaotoka Kivu na Burundi tunajua R na L zinavyobadilishana viti midomoni mwetu.

Kuna mtu atasema: wewe unaongea rahisi, keti wewe dirishani. Nimefikiria sana hoja hiyo, kwa sababu ni ya haki. Orodha haitazami uso, na hilo ni jambo jema. Kusingekuwa na orodha, mwenye nguvu angekula kwanza, mwenye shemeji ofisini angekula mara mbili, na mama mjane ambaye hana wa kumsemea angebaki na gunia tupu. Tuliowahi kukimbia vita tumeshaona chakula kikigawiwa bila orodha. Upofu wa orodha ndio haki yake. Na wapo wanaodanganya kweli. Tunawajua, wengine ni rafiki zetu. Mfanyakazi akiamini kila neno la kila mtu, mwisho wa siku chakula kimekwisha na foleni bado ipo.

Kwa hiyo sisemi orodha itupwe. Bila orodha ya Messier mimi nisingejua hata pa kuelekeza bomba langu. Ninachosema ni kwamba orodha inakuonyesha pa kutazama, haitazami badala yako. Na pale inapogongana na kilicho mbele ya macho, shaka ianzie kwa karatasi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, karatasi imeandikwa na mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hukosea alama. Ya pili, gharama si sawa. Karatasi ikishukiwa bure, tumepoteza dakika kumi. Mtu akishukiwa bure, wiki tatu zinapita na watoto wanaomba unga kwa jirani. Aliye na uwezo wa kubeba kosa ndiye abebeshwe kwanza.

Kuanza shaka kwa karatasi si sawa na kumwamini mtu bila kuuliza. Yule dada hakusema "sawa mama, chukua." Aliuliza swali bora. Waliolitafuta kundi la 47 nao hawakusema "lipo, basi." Walithibitisha.

Hapa darubini inafundisha jambo jingine, namna ya kutazama. Mtu mpya akija kwa kikundi chetu, anaweka jicho, anaangalia sekunde tano, anasema: "Sioni kitu." Ni kweli, haoni. Jicho likitoka kwenye mwanga linahitaji kama dakika ishirini hadi thelathini gizani ndipo lifunguke vizuri. Simu ikiita na skrini ikakuwakia usoni, unaanza upya. Halafu kuna jambo ambalo watu hucheka ukiwaambia: ili ukione kitu hafifu, usikikodolee macho. Katikati ya jicho ni hodari kwa kusoma na kwa rangi, lakini gizani ni dhaifu. Pembeni ndipo penye nguvu. Unatazama kando kidogo ya kile unachokitafuta, unatulia, na chenyewe kinajitokeza. Ukikirukia kwa macho, kinazimika.

Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa, nawaambia kwa heshima: mkikaa na karatasi ya maswali mkauliza "changamoto zako ni zipi?", tutawapa jibu la orodha, maji, chakula, usalama, kwa sababu mmetukodolea macho na sisi tumeshajifunza majibu. Yule yule mtu, mkikaa naye mkichambua mboga au mkingojea mvua ipite, atawaambia jambo ambalo haliko kwenye fomu yenu. Najua hamna nusu saa kwa kila mtu. Hakuna aliye nayo. Lakini mwenye nusu saa moja kwa wiki, aitumie kwa yule ambaye mashine imesema hayupo.

Tena kila orodha ina mahali iliposimama mwandishi wake. Upande wa kusini kuna kundi la nyota linaloitwa Omega Centauri, kubwa na angavu kuliko makundi yote ya aina yake tunayoweza kuyaona kwa macho, liko umbali wa kama miaka ya nuru 17,000. Hapa kwetu, mwanzoni mwa Juni, saa tatu usiku, unaliona upande wa kusini bila chombo chochote, kama nyota iliyovaa ukungu. Kwenye darubini linakuwa rundo la chembe za nuru. Katika orodha ya Messier halimo. Si kwamba alilidharau. Pale Paris halichomozi kabisa, dunia yenyewe inalificha. Namna hiyo hiyo, aliyetengeneza fomu akiwa mji mwingine hakuweka nafasi ya mambo ambayo kutoka alipo hayachomozi. Ukiona jambo la mwenzako haliingii kwenye kisanduku chochote, usiharakishe kusema si jambo.

Na sisi wakazi tusijifanye hatuna orodha. Tunazo, na hazijaandikwa popote, ndiyo maana ni ngumu kuzisahihisha. Wakongo ni watu wa muziki na maneno mengi. Wasomali ni biashara tu. Wasudani Kusini ni ugomvi. Waturkana wanataka kuni zetu tu. Watu wa mashirika wanakula pesa zetu. Mtu anapita njiani, tunamsoma namba, tunaendelea na safari. Mzee wa Kiturkana anayepitisha mbuzi karibu na boma letu aliwahi kusimama kwenye darubini, akatazama kimya muda mrefu kuliko kijana yeyote wa kikundi, akauliza maswali matatu juu ya mwezi ambayo hatukuweza kuyajibu. Katika orodha yetu alikuwa mwenyeji wa mbuzi, na basi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kuandikwa ni haki, na kila mtu aandikwe, aandikwe vizuri, na akikosewa asahihishwe bila kuzungushwa. Lakini kuonwa ni deni jingine, halilipwi kwa kalamu, na tunadaiwa sote, wa upande huu wa dirisha na wa upande ule.

Anayetaka kuliona kundi la 47, ajaribu Februari au Machi, kama saa tatu usiku, siku ambazo mwezi haupo. Fuata zile nyota tatu za mkanda wa Orion mpaka Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote. Nyoosha mkono, kunja ngumi, uiweke upande wa mashariki wa Sirius, ongeza kidogo. Tulia. Tazama kando. Na mchana wake, ukikaa dirishani na mashine ikakwambia mtu fulani hayumo, usifunge ukurasa bado. Muulize aliandikwa jirani na nani.